Mistari Mikavu

Kiwandani walimwita Geji, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mpimaji wa mabomba ya maji, yale ya plastiki yanayofukiwa ardhini na kupitishwa ukutani, na kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kuyapasua. Kila saa, mashine ikiendelea kusukuma bomba, alikata kipande cha urefu wa mkono, akaziba ncha zote mbili, akakijaza maji, akakifungia ndani ya sanduku la chuma, kisha akapiga pampu mpaka bomba lilie paa! Mshale wa geji, kipimo cha shinikizo la maji, ulibaki pale ulipofikia. Aliusoma, akaandika daftarini. Bomba likistahimili hadi thelathini na sita au zaidi, ni zima. Likipasuka chini ya hapo, mashine inasimamishwa na mabomba yote ya saa ile yanarudishwa kusagwa upya, hata kama lori la mnunuzi limeshawasha injini getini.

Hapo ndipo mpimaji anapojipatia maadui. Mafundi wa mashine walikuwa wakija kumbembeleza kwa sauti za asali: mzee wetu, hii thelathini na tano na nusu si thelathini na sita hiyohiyo tu? Naye aliwajibu bila kuinua macho, "Geji haina shemeji, mwanangu." Msemo huo ulienea kiwanda kizima. Mtu asiyejulikana aliuandika kwa chaki juu ya mlango wa chumba cha kupimia, na wafagiaji wakauheshimu, wasiufute. Hata nyumbani binti yake, aliyekuwa akikaa naye pamoja na watoto wake, aliwatishia nao wanawe walipoapa kwamba wamepiga mswaki.

Tatizo ni kwamba Geji alikuwa mwongo.

Hakuanza hivyo. Miaka sita nyuma mkewe alilazwa, na hospitali ilifungulia wageni mlango saa tisa alasiri, saa ileile ambayo zamu yake ya asubuhi ilimalizika. Siku ya kwanza aliandika kipimo cha saa tisa kabla haijafika, akatoka dakika kumi mapema. Siku ya tatu akaandika na cha saa nane. Hakuandika ovyo, maana alikuwa mtu wa kazi hata katika uongo wake. Alitazama vipimo vya asubuhi, akachagua namba isiyoshtua mtu: arobaini na mbili nukta mbili, arobaini na mbili nukta moja. Mkewe alikaa wodini wiki saba, kisha akafariki.

Kama angeishia hapo, nani angekuwa na moyo wa kumhukumu? Lakini mazishi yalipita, Geji akarudi kazini, na saa nane ilipofika alivuta stuli, akamimina chai, akachukua kalamu, akaandika arobaini na mbili nukta mbili. Hakuwa na pa kuwahi. Hakuwa tena na mgonjwa wa kumtazama. Miguu ilikuwa imechoka tu, na alishagundua kwamba siku za kawaida hakuna anayekagua. Kila mara dhamiri ilipomgusa bega, aliisukumia jina la marehemu, na dhamiri, kwa heshima ya marehemu, ikanyamaza. Hilo ndilo lililokuja kumwaibisha kuliko yote: kwamba alimfanya mkewe kisingizio, na kwamba kisingizio hicho alikunywa nacho chai kwa miaka.

Zamu iliyofuata yake ilikuwa ya mwanamke ambaye Geji mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Watu walimwita Mama Rudia, kwa sababu geji ikisoma pungufu alichungulia dirishani na kupaza sauti neno moja tu, "Rudia!" na mashine ikasimama. Hakuwa na marafiki wengi, masikini. Zamu ya Geji ilikuwa ya amani, malori yakapakia, meneja akapita akipiga mluzi. Zamu ya Mama Rudia ilikuwa rudia, saga, rudia, saga. "Mnamwona mzee?" mafundi walimwambia. "Mbona yeye mabomba yake hayapasuki?" Mama Rudia alijibu kwamba yeye anaandika anachokiona.

Kisha wanunuzi wakaanza kulalamika. Mabomba yalikuwa yakipasuka ardhini, yakipasuka ndani ya kuta zilizokwisha kupakwa rangi. Kiwanda kikamwajiri mhandisi wa ubora, binti mwenye miwani na sauti ya upole. Jambo la kwanza alilotaka ni madaftari ya miaka minne, yote, yaingizwe kwenye hifadhidata ya kompyuta: kila kipimo na mstari wake, na tarehe yake, saa yake, zamu yake, na namba yake.

"Vikiwa ndani ya daftari kila kipimo kiko peke yake," alieleza. "Tukivikusanya mahali pamoja, vyenyewe vitatuonyesha ugonjwa uko wapi."

"Vitaonyesha nini, mwanangu?" Geji aliuliza, akakiweka kikombe chini.

"Hata mimi sijui bado, mzee. Ndiyo raha yake."

Geji akapewa kazi ya kusoma, kwa kuwa mwandiko mwingi ulikuwa wake, na karani akapewa kazi ya kuandika. Karani alikuwa mtu wa makamo mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Walikaa chumba kidogo nyuma ya ofisi, feni ikizunguka kivivu, madaftari yamepangwa sakafuni. Geji akavaa miwani, akaanza. Saa mbili, arobaini nukta sita. Saa tatu, thelathini na tisa nukta nane. Akashuka mpaka mstari wa saba na wa nane. Saa nane, arobaini na mbili nukta mbili. Saa tisa, arobaini na mbili nukta moja. Akafunua ukurasa. Saa nane, arobaini na mbili nukta moja. Saa tisa, arobaini na mbili nukta mbili.

Kumbe uongo ukiwa umelala daftarini hauna kelele. Kila siku aliuandika mara mbili, akafunika, akaenda zake. Sasa ilimbidi autamke kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, mbele ya mtu mzima mwenye masikio. Siku ya pili karani alicheka. "Mzee, haya mabomba yako ya mchana yameoa arobaini na mbili? Hata kutoka nje ya ndoa kidogo, hakuna!" Geji akacheka naye, akaomba maji ya kunywa.

Lakini karani hakuona jambo ambalo Geji aliliona siku ile ya kwanza na hakuweza tena kutoliona. Bomba likipasuka, maji hupenya kwenye kifuniko cha sanduku na kumrukia mpimaji na daftari lake. Ndiyo maana kila ukurasa ulikuwa na matone, wino umetawanyika, karatasi imejikunja. Karibu kila ukurasa wake ulikuwa na mistari sita ya juu iliyolowa na kukauka, na mistari miwili ya chini misafi kama kadi ya mwaliko. Madaftari ya Mama Rudia yalikuwa yamelowa kuanzia mstari wa kwanza hadi wa nane, yamevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata ilikuwa karatasi. Karani aliingiza namba. Matone hayakuwa na safu yake kwenye kompyuta, na madaftari yakisha kusomwa yalifungwa kamba na kusogezwa karibu na geti, yakisubiri gari la karatasi taka. Geji aliona marundo yale yakitoka mlangoni, akapumua, na papo hapo akaona aibu kwa kupumua kule.

Wiki ya nne mhandisi akabandika mchoro ukutani, mbele ya meneja na wapimaji wote wawili. Mstari wa zamu ya asubuhi ulikuwa wa kijani, ukiyumba kidogo tu na kuishia tambarare juu. Mstari wa zamu ya mchana ulikuwa mwekundu, unapanda na kushuka, na mahali pengi umezama chini ya thelathini na sita.

"Mashine ni ileile," alisema meneja. "Malighafi ileile. Saa tisa mzee anapata arobaini na mbili. Saa kumi, mama huyu anapata thelathini na saba, siku nyingine thelathini na nne. Saa moja tu katikati! Mabomba yanabadilika yakimwona nani?"

"Mimi naandika ninachokiona," alisema Mama Rudia. "Mchana ile mashine inachoka. Nimeshasema mara ngapi?"

"Kwa mwalimu wako mbona haichoki?"

Mafundi waliokuwa mlangoni wakacheka. Mhandisi alikuwa akiukazia macho mchoro, hakuonekana kuridhika, lakini hakuwa na la kusema ila kile ambacho namba zilisema. Meneja akamgeukia Geji. "Mzee, wewe ndiye uliyemfundisha. Shida ni mashine au ni mkono wa mtu? Unasemaje?"

Mama Rudia alimgeukia taratibu, bila wasiwasi wowote, kama mtu anayejua kwamba shahidi wake amefika. Neno moja tu lilihitajika. Geji alilisikia likipanda, likafika kwenye meno, na pale kwenye meno likakutana na miaka ishirini na miwili, na chaki iliyoko juu ya mlango, na miezi minne iliyobaki kabla ya kustaafu. Akalimeza.

"Kila mtu na mkono wake," alisema.

Ni maneno matano tu, na ya woga kuliko yote aliyowahi kuyasema. Mama Rudia aliendelea kumtazama, kana kwamba alidhani kuna sentensi inakuja. Haikuja. Jumatatu iliyofuata alihamishiwa kufungasha mabomba, na Geji akapewa cheti chenye fremu: Mpimaji wa Kuigwa.

Binti yake alikitundika sebuleni juu ya televisheni, akakifuta vumbi ambalo hakikuwa nalo. Asubuhi moja wiki hiyo mjukuu wake wa kike alitoka bafuni akitangaza kwamba meno tayari. Binti akaingia, akatoka na mswaki, akaupitishia kidole.

"Mkavu huu! Umepigia nini, maneno? Mswaki hausemi uongo, mwanangu. Enhe, babu anasemaje?"

"Geji haina shemeji!" watoto wakaitikia kwa pamoja, wakamgeukia babu yao wakicheka, wakisubiri acheke.

Geji aliweka kikombe mezani. Uso ulimwaka hadi masikioni. Akajikuta amesimama, amevaa viatu bila soksi, ametoka nje.

Kufika chumba cha kupimia ilimbidi apite ufungashaji. Mama Rudia alikuwa ameinama juu ya mafungu ya mabomba akikaza mikanda ya plastiki, na vidole vyake vilikuwa na plasta tatu. Alipomwona alinyooka.

"Shikamoo, mwalimu."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Angegeuza uso, angetema mate, vyote vingebebeka. Lakini alimwamkia kama alivyomwamkia kila siku kwa miaka tisa. Geji aliitika "marahaba" kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, akapita, akafika mlangoni pake, akaona ile chaki. Hakuingia. Aligeuka akaenda getini.

Gari la karatasi taka lilikuwa limeshafika. Wapakiaji walikuwa wakirusha maboksi, bado hawajagusa madaftari. Geji alishika fungu la kwanza, akalibeba kifuani.

"Mzee, hayo ni taka!"

"Siyo taka," alisema. "Nipeni toroli."

Mhandisi alikuwa peke yake ofisini toroli lilipogonga mlango. Geji alifungua daftari lolote, akaliweka mbele yake. "Mwanangu, pitisha kidole hapa. Anzia juu."

Alipitisha. Karatasi ilikuwa na mabonde na vilima, kisha, karibu na mwisho, ikawa laini. Akarudia. Akafunua ukurasa wa pili, wa tatu. Alikuwa mwepesi wa akili, na Geji aliona kwamba ameshaelewa, na kwamba anaweza kumwachia aelewe bila yeye kutamka lolote. Kishawishi hicho nacho kilikuwa kikubwa.

"Hiyo mistari miwili sikupima," alisema. "Siku hiyo. Na hiyo. Na hiyo nyingine. Miaka yote. Siku walizokuja wakaguzi nilipima, hizo utaona zina matone. Nyingine niliandika nimekaa."

Mhandisi alivua miwani. Kisha akaivaa tena, akaigeukia kompyuta, akauliza tarehe za mwezi mmoja tu, akaiondoa mistari mikavu ya mwezi ule. Ule mstari wa kijani uliokuwa ukiishia tambarare ukapungua urefu, na sehemu iliyobaki ikaonekana ilivyo. Ilianza kuteremka tangu saa sita, kidogo kidogo, ikakatika saa saba, na mwekundu wa Mama Rudia ukaendeleza mteremko uleule kuanzia saa kumi, kama ngazi iliyong'olewa vidato viwili.

"Ni mashine," alisema mhandisi. "Ikishapata joto inaharibu. Tumekuwa tukitafuta mtu, mzee."

Fundi aliifungua mashine siku hiyohiyo, akakuta kipasha joto kimoja kimeungua nusu. Mama Rudia alirudishwa kwenye chumba chake. Meneja alimwita Geji, akafunga mlango, akasema yale yaliyostahili kusemwa. Hakumfukuza. Alimwondoa kwenye upimaji, na kwa miezi minne iliyobaki akampa kazi moja: kupitia kila ukurasa wa kila daftari na kuonyesha kipimo gani ni cha kweli na kipi si cha kweli, ili wanunuzi wa siku zile waambiwe. Mistari elfu mbili na mia nne, na kila mmoja uangaliwe kwa jicho na kidole, maana kompyuta haijui tone.

Nyumbani aliwakalisha, akawaambia. Binti yake alishusha kile cheti, akakilaza kifudifudi ndani ya droo, akaenda jikoni kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Tangu siku hiyo watoto wakidanganya kuhusu mswaki, mama yao huwarudisha bafuni kimyakimya. Ule msemo haujasikika tena ndani ya nyumba ile.

Siku ya kwanza ya kazi yake mpya alimkuta karani kwenye kiti chake, na kando yake Mama Rudia. Mhandisi alikuwa ametaka mpimaji wa sasa athibitishe kila mstari kwa macho yake. Geji alikaa. Karani, kwa mara ya kwanza maishani, hakuwa na mzaha.

Mama Rudia alikuwa na daftari mapajani. Hakulifungua.

"Siku ile kwenye kikao," alisema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Nilipokuwa nakutazama?"

"Nilijua."

Alitikisa kichwa taratibu. "Ya daftari ningekusamehe. Mkeo alikuwa anaumwa, wote tulijua, ungeniambia ningekupimia mimi. Uchovu nao ni wa binadamu. Lakini nilikuwa nakutazama, mzee."

Geji alisikia kwamba hakumwita mwalimu. Alitafuta jibu, akakuta kila alilonalo linaanza na jina la mkewe, akaliacha hapohapo. Mama Rudia alifungua daftari, akamsogezea. Geji akaweka kidole kwenye mstari wa saba. Mkavu.

"Huu."

Karani akaubatilisha. Kisanduku kikajitokeza kwenye kioo cha kompyuta. "Inataka sababu," alisema karani, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia. "Bila sababu haikubali. Wengi wanaandika kosa la uandishi. Niandike hivyo?"

"Andika," alisema Geji, macho yakiwa chini. "Kosa la uandishi."

"Rudia," alisema Mama Rudia.

Hakupaza sauti. Vidole vya karani vikasimama juu ya vitufe. Nje mashine ilikuwa ikisukuma bomba, na mahali fulani mtu alikuwa akimwita dereva wa lori. Geji alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Sikupima," alisema.

Karani akaandika. Kisanduku kikajifunga. Akashusha pumzi. "Basi, neno lenyewe nimelipata. Nyie nionyesheni tu mistari, nami nitalinakili hadi chini, mzee usihangaike kulisema kila mara."

"Hapana. Kunakili ndiko kulikonifikisha hapa. Niulize kila mmoja."

Karani alimtazama Mama Rudia. Mama Rudia alishusha kidole chake mstari mmoja, akaupapasa ule ukavu, akasoma kwa sauti, "Saa tisa, arobaini na mbili nukta moja."

"Sikupima," alisema Geji.